Paka wangu anaanguka kifafa, bibi anataka nikamtupe sokoni

Shikamoo daktari. Naomba usinicheke, najua watu wanakuandikia shida za ng'ombe na kuku wao wanaowalisha familia, mi nakuja na habari ya paka, ila kwakweli imefika mahali silali.

Nina paka dume anaitwa Shombo, tulimpa hilo jina sababu alikuja nyumbani mdogoo anafuata beseni la mama muuza samaki, akaingia ndani akagoma kutoka. Sasa hivi ana miaka mitatu na kitu. Tunaishi Tanga, nyumba ya familia, nipo mimi na wanangu wawili, kaka yangu, na bibi yetu mzaa mama.

Ilianza mwaka jana mwishoni. Usiku kalala zake kwenye kochi mara nasikia puu, kuangalia yuko chini amekakamaa, miguu inapiga kama anaendesha baiskeli, mate yanamtoka, macho yamemtoka, na mkojo juu. Nikajua ndo anakufa. Ilivyoisha akainuka anatembea anagonga ukuta haoni mbele, akaingia chini ya kabati akakaa huko, asubuhi yuko jikoni analilia samaki utafikiri hakuna lililotokea. Tukasema labda kala sumu ya panya kwa jirani. Baada ya wiki kadhaa ikarudi. Tangu hapo inakuja inaondoka, kuna mwezi unapita hamna kitu, kuna mwezi inapiga mara mbili, na karibu zote ni usiku au alfajiri akiwa amelala. Afu kuna vitu vingine vidogo sivielewi, upande mmoja wa uso unacheza, sikio na jicho, anatafuna na mdomoni hamna kitu, sekunde chache basi, anaendelea na mambo yake.

Mara ya kwanza kaka alimtia kijiko mdomoni asimeze ulimi, aling'atwa kidole kikavimba, alikunywa dawa za duka la dawa kikapona. Bibi yeye anamnusisha kiberiti kilichozimwa, siku nyingine kitunguu, siku nyingine kiatu. Sasa bibi amechoka, anasema huyu sio paka wa kawaida ana mtu wake, na lile povu watoto wakilikanyaga watapata kifafa, kwahiyo kaka amfunge kwenye kiroba akamwache soko la samaki, huko atajua mwenyewe. Watoto wanalia, mimi niko katikati.

Wiki iliyopita nikaenda duka la dawa za mifugo kueleza, yule kijana akasema inawezekana viroboto vinamnyonya damu ndo maana anaanguka, akanipa dawa ya matone ya mbwa, ile ya kudondoshea shingoni, akasema weka nusu. Tukamuwekea jioni. Jamani usiku ule! Ametetemeka mwili mzima hadi kunakucha, masikio yanacheza, ngozi inaruka, na kaanguka mara mbili, kesho yake bado anatetemeka. Sasa hivi katulia. Jirani ambaye ni nesi ananiambia nimpe robo ya kidonge cha Valium kila usiku. Nimeshanunua ila nikasema niulize kwanza.

Anakula vizuri, vichwa vya samaki na dagaa mbichi, ugali hataki kuusikia. Naomba kujua, je atapona? Watoto wako salama? Na kama hakuna dawa bora achomwe sindano afe salama au? Niambie ukweli.

Mama wa wawili na Shombo, Tanga

---

Marahaba dada. Nianze na hiyo Valium maana ndo ya haraka: usimpe. Hata robo, hata nusu ya robo. Tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba kuna paka ambao diazepamu (ndo hiyo Valium) ya kumeza ya kila siku inawaua ini, na ini likishaharibika hivyo ni siku chache tu paka anakwenda. Sio paka wote, lakini hakuna namna ya kujua wako yuko kundi gani mpaka umempoteza. Nesi wako hajakosea kwa upande wa binadamu, dawa hiyohiyo sisi wenyewe tunaitumia kliniki kukatisha degedege lililogoma kuisha, ila tunaichoma kwenye mshipa au tunaipitisha njia ya haja kubwa, mara moja, tunamwangalia. Kumeza kila usiku ni habari nyingine.

Pili, yale matone. Dada, ule usiku sio kifafa chake, ule usiku alikuwa amelishwa sumu. Dawa nyingi za matone za mbwa zina kitu kinaitwa pemethrini na ini la paka haliwezi kukisafisha, mbwa anakaa nacho fresh kabisa na paka kinamtetemesha siku moja mpaka tatu, wengine hawatoki salama. Kuweka nusu hakusaidii kitu maana yale matone ni makali mno kwa paka hata kidogo chake. Kijana wa dukani alitakiwa alijue hilo kabla ya kupokea hela, na viroboto kunyonya damu mpaka paka mzima wa miaka mitatu apige miguu na kujikojolea sijawahi kuona. Ikitokea tena kwa bahati mbaya, mtu kamuwekea au kalala na mbwa wa jirani aliyewekewa dawa sasa hivi, muogeshe na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe, na muwahishe kwa daktari hapohapo usisubiri kukuche.

Kwahiyo kwenye hesabu zako ule usiku utoe. Ukiutoa tunabaki na nini? Paka kijana, anaanguka akiwa amelala au ametulia, anakakamaa, anapiga miguu, anajikojolea, akiinuka haoni kwa muda, baadae anakuwa Shombo yuleyule, na kati ya tukio na tukio hana shida yoyote. Huo ndo mwendo wa kifafa. Angekuwa anaanguka akikimbia, analegea badala ya kukakamaa na anainuka palepale akiwa na akili zake, ningekuambia tupime moyo. Na vile vya uso kucheza upande mmoja na kutafuna hewa ni kifafa hichohicho, umeme wa ubongo umefyatuka sehemu ndogo tu haujaenea, paka wanazo sana hizo ndogondogo kuliko mbwa na wenye paka wengi wanadhani ni vituko vya paka. Ziandike nazo.

Ila kabla mtu hajamwandikia kifafa cha kuzaliwa nacho kuna kitu kimoja kwenye barua yako umekitaja mwishomwisho na mimi ndo nimekaa nacho muda mrefu kuliko vyote, dagaa wabichi. Samaki kadhaa, hasa hawa jamii ya dagaa, wana kimeng'enya ndani yao kinachovunja vitamini B1, na paka anahitaji B1 nyingi kuliko mbwa. Paka anayeshindia samaki mbichi wiki hadi wiki akiba inaisha, ubongo unaanza kugoma: anaacha kula, anayumba, shingo inainama kidevu kinagusa kifua na hawezi kukinyanyua, mboni zinabaki zimepanuka hata kwenye mwanga, mwisho anaanguka degedege. Huku pwani hili lipo na watu hawaliwazi kabisa maana nani atamshuku samaki kwa paka. Mimi Shombo simuoni kwenye picha hiyo moja kwa moja, anakula vizuri na kati ya matukio yuko sawa, ingekuwa B1 peke yake miezi yote hii angeshaharibika kabisa. Ila kurekebisha ni bei ya kuni tu, kimeng'enya hicho kinakufa kwenye moto. Kuanzia leo samaki wake wachemshe, mpe na nyama kidogo, maini kidogo mara mojamoja, utumbo wa kuku uliochemshwa, na daktari akimwona amchome sindano ya B1, ni dawa ya bei ndogo na haina madhara ya kuogopa. Atanuna siku mbili tatu. Atazoea.

Kichaa cha mbwa lazima nikiseme pia maana kuna mtu kang'atwa hapo. Paka naye anapata kichaa, na mnyama mwenye kichaa anaweza kuanguka degedege. Tofauti ni kwamba mwenye kichaa harudi kuwa mzima. Akishaanza dalili anazidi kuharibika na ndani ya siku kumi hivi amekufa. Shombo alimng'ata kaka mwaka jana na leo bado anagombania vichwa vya samaki, basi kaka kwa jino lile hana kichaa, mwambie apumue. Lakini siku nyingine, awe paka huyu au mwingine yeyote, jino likiingia mnaosha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, afu hospitali siku hiyohiyo, sio duka la dawa, kwa sababu jino la paka ni jembamba linaingiza uchafu chini kabisa na kidole kinaweza kuoza ndani nje kumefunga. Na Shombo achanjwe kichaa kama hajachanjwa, halmashauri nyingi huwa zinachanja bure au kwa hela kidogo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na paka wanapokelewa pia ingawa utawakuta watu wote foleni wana mbwa.

Sababu nyingine zipo na daktari atazipitia, kama aliwahi kugongwa au kuanguka kutoka juu, vimelea, maambukizi ya ubongo. Angekuwa mzee ningekuuliza figo na presha. Kuna hata paka wazee, miaka kumi na tano huko, wanaoangushwa na sauti, kijiko kikigonga sahani au karatasi ya foili ikikunjwa, watafiti wa Uingereza walitoa taarifa yao mwaka 2015. Wako bado kijana, tusipotelee huko.

Sasa akianguka mnafanya nini. Hamfanyi karibu chochote na ndo ngumu yake hapo, maana binadamu akiona kiumbe kinateseka mikono inamuwasha. Ulimi haumezwi, sio kwa paka, sio kwa mbwa, sio kwa mtu, kwahiyo kijiko kirudi kabatini. Kiberiti na kitunguu na kiatu vinaonekana vinafanya kazi kwa sababu kifafa kingi kinaisha chenyewe dakika moja mbili, bibi anakuwa ameshika kiatu wakati kinaisha, sifa zinaenda kwa kiatu. Na kile kiberiti karibu na manyoya mimi hakinifurahishi hata kidogo. Wewe sogeza meza, mtolee kitu kigumu karibu na kichwa, mtupie kanga iliyokunjwa ubavuni kama yuko kwenye sakafu, zima TV na taa kubwa, watoto wakae mbali na mdomo na kucha zake maana anaweza kumng'ata mtu na hajui kama kang'ata. Afu angalia saa. Saa ni muhimu kuliko kitu kingine chochote usiku ule, mtu akiogopa dakika moja anaihesabu kumi. Mwingine achukue simu arekodi video, kliniki hataanguka mbele yangu kwa kuombwa, ile video inaniambia mengi kuliko maelezo ya watu watatu waliokuwa wanapiga kelele.

Ikipita dakika tano haijaisha, au zikija mbili ndani ya saa 24 hata kama kila moja ilikuwa fupi, hiyo sio ya kusubiri. Degedege refu linapandisha joto la mwili mpaka ubongo unaungua. Mfunike taulo, muweke kwenye tenga la kuku au boksi lenye matundu, nenda. Tafuta leo namba ya daktari anayepokea usiku, usije kuitafuta saa nane za usiku mikono inatetemeka. Ikiisha yenyewe mwache sehemu ya giza na kimya, usimbebe usimbembeleze, atazunguka, ataparamia ukuta, wengine wanakuwa wakali kwa dakika kadhaa, wengine wanakuwa na njaa ya ajabu. Maji na chakula usimpe mpaka aweze kutembea bila kuyumba.

Nyumbani kuna mambo mawili yananitisha zaidi ya kifafa chenyewe: jiko la mkaa lililoko chini na pipa la maji lisilofunikwa. Paka akiangukia hapo hafi kwa kifafa, anakufa kwa moto au maji. Jiko liwe juu ya kitu au mbele ya macho ya mtu, pipa lifunikwe, na usiku alale ndani, si juu ya ukuta wa jirani wala paa.

Dawa ipo, ndio. Inaitwa fenobabito, hiyohiyo wanayomeza watu wenye kifafa, iko sokoni tangu mwaka 1912 na bado kwa paka ndo tunaanza nayo kwa sababu wengi wanaitikia vizuri na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Sio ya kununua mwenyewe, ni dawa ya cheti na kipimo kinaenda kwa uzito wake, daktari ampime kwanza damu, sukari, ini na figo. Kwa vile anaanguka mwezi unapita na mwingine mara mbili, mimi ningemwanzishia, sio kila paka aliyeanguka mara moja anaanzishiwa dawa. Wiki mbili za mwanzo atalala sana, miguu ya nyuma itayumba, atakula kupita kiasi, usikate tamaa hapo maana watu wengi ndo wanaacha hapo. Baada ya hizo wiki mbili damu inapimwa tena kuona dawa imefika kiwango gani, kama hapo mlipo hakuna maabara inayopima muulize daktari wako kama sampuli inaweza kupelekwa hospitali kubwa ya watu, nao wanapima kiwango hichohicho kwa wagonjwa wao, au awasiliane na hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Na kama mtu atakupendekezea bromaidi, dawa nyingine ya kifafa, mwambie ni ya mbwa, paka inawaharibu mapafu.

Dawa ni mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na haikatwi ghafla hata ukimuona amepona kabisa, hata akikaa mwaka hajaanguka, maana kukatisha ghafla ndo kunaleta degedege baya kuliko yote. Ukisafiri awepo wa kumpa, ikibaki ya wiki moja nenda kachukue nyingine. Kidonge ni kichungu, kifiche ndani ya samaki aliyechemshwa, na akitoa povu jingi baada ya kumeza usipige kelele kwamba imeanza, ni uchungu tu. Mimi nikikushauri kwa dhati kazi hiyo mpe bibi. Ndiye anayeamka alfajiri kila siku na magharibi lazima yuko nyumbani, na mtu akishakuwa ndiye mwenye kidonge haongelei tena kiroba.

Kuhusu povu, mwambie bibi kwa heshima kwamba kifafa hakiambukizi. Watoto wakanyage, wafute kwa kitambaa, wanawe mikono kama wanavyonawa kwa uchafu mwingine. Mambo ya mtu wake mimi sibishani nayo, akitaka kumsomea dua amsomee, dua na kidonge havigombani, ila kidonge kisikosekane.

Atapona? Nilivyozoea kuona ni hivi: kinapungua, kwa wengine kinakata kabisa wanapomeza dawa, na wachache dawa inashindwa hata ukiongeza ya pili. Tukitoka kwenye mara mbili kwa mwezi tukafika moja kwa miezi mitatu, fupi, mimi nahesabu tumeshinda. Sindano ya mwisho inazungumzwa pale ambapo dawa zimejaribiwa kwa kipimo sahihi na bado anaanguka kila siku mbili, hajirudii, hakujui, hali chakula. Shombo hayuko huko hata karibu. Na kumtupa sokoni hapana, bora hata hiyo sindano. Paka mwenye kifafa katikati ya baiskeli na pikipiki na watu wanaomuona anatoa povu na kudhani ana kichaa, atapigwa mawe kabla ya jioni.

Jumatatu nenda na video kama unayo, karatasi yenye tarehe na saa za matukio yote unayoyakumbuka pamoja na dakika, kadi ya chanjo, na ile chupa ya matone daktari asome jina la dawa iliyomo. Viroboto tutavishughulikia na dawa yenye picha ya paka kwenye boksi, kwa sasa chanuo la meno ya karibu na beseni la maji ya sabuni vinatosha, unamchana unavizamisha humo, watoto wataipenda hiyo kazi.